Namba ya Mkupuo

Inspekta alikuwa ameshamwambia binti ajikaze. Alimwambia kwa upole, pale kwenye benchi la kituoni, kwamba mkoba wa mama yake umeokotwa darajani, kwamba wazamiaji wameingia mtoni, na kwamba mama wa umri ule akitoka nyumbani bila dawa zake za presha na asirudi, ni vizuri watu wake wauandae moyo. Kwa hiyo asubuhi hiyo binti alipoingia ofisini mbio, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, Inspekta alidhani amekuja kuulizia maiti.

"Afande," alisema, pumzi zikimkatika, "mama amenunua uzi!"

Akaweka simu mezani. Ilikuwa barua pepe. Yeye ndiye aliyemfungulia mama yake anwani ile, akabaki na neno la siri, na tangu mama apotee alikuwa akiichungulia kila akiamka. Leo ameikuta: duka la nyuzi la mtandaoni linamshukuru Bi Sindano kwa oda yake. Bi Sindano ndilo jina ambalo mtaa mzima ulimwita mama huyo, maana sindano za kufumia hazikumtoka mkononi hata akiwa kwenye foleni ya benki. Oda ilikuwa ya uzi wa sufu wa kijani, na ililipiwa jana.

Koplo, kijana mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa kukata shauri, aliisoma akatikisa kichwa. "Mwizi huyu, afande. Aliyeokota simu ya mama anajaribu kama hela zinapita. Zikipita, kesho ananunua televisheni."

"Anajaribu kwa uzi?"

"Kitu cha bei ndogo kwanza. Ndivyo wanavyofanya."

Inspekta hakumbishia, kwa sababu kweli ndivyo walivyofanya. Alimtuma apige simu kaunta ya kuchukulia mizigo, na jibu likaja likiwa halina msaada: mzigo umeshachukuliwa asubuhi na mapema, na mwanamume aliyevaa kofia na barakoa. Kitambulisho hakuombwa, ukitaja namba ya oda unapewa. Laini ya simu ya mama nayo ilikuwa imezimwa tangu siku ya kwanza, na aliyeagiza alitumia intaneti ya mahali fulani ambapo kampuni ya simu ilisema itachukua muda kupatafuta.

"Baba yako mdogo ameshajua?" Inspekta alimuuliza binti.

"Nimempigia, hapatikani."

Baba mdogo huyo, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyeuona mkoba pale darajani. Ndiye aliyebandika picha za shemeji yake kwenye kila nguzo, na ndiye aliyekuwa akiwapelekea wazamiaji chai ya moto kando ya mto. Hakuna aliyehangaika kumzidi.

"Basi tumwache kwanza," Inspekta alisema. "Ikiwa ni mwizi tu, tutakuwa tumemvunja moyo bure. Vaa kiatu, twende huko dukani."

"Asante, afande."

"Hujapewa kitu bado."

"Nimepewa pa kwenda," binti alisema, akainama kufunga kamba.

Duka la mtandaoni, kumbe, lilikuwa vyumba viwili juu ya karakana ya kuchomelea vyuma. Chumba kimoja kilijaa rafu za nyuzi hadi darini. Cha pili kilikuwa na meza mbili, feni, na msichana mwenye miwani aliyekuwa amezungukwa na skrini. Mwenye duka, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka mbali, aliwakaribisha kwa wasiwasi wa mtu ambaye hajawahi kutembelewa na polisi.

"Mambo ya ukurasa muulizeni Vifungo," alisema, akimwonyesha msichana. "Mimi najua uzi. Yeye ndiye anayetengeneza vile vitufe watu wanavyobonyeza, ndiyo maana tunamwita hivyo. Mtu anaweza kudhani anauza vifungo vya mashati."

Vifungo aliwatolea viti. Alipoambiwa jina la mteja, uso ulimbadilika.

"Hiyo oda naijua," alisema polepole. "Nilikuwa naihangaikia tangu jana. Nilidhani ni kosa langu."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alivuta kiti karibu. "Tuanze mwanzo. Nieleze kama unamweleza shangazi yako."

Vifungo alicheka kidogo, akageuza skrini. "Ukurasa wa kulipia si wetu, afande. Ni wa kampuni inayotukodisha duka. Hatuwezi kuugusa, na ni vizuri, maana hapo ndipo zilipo siri za kadi za watu. Lakini wametuachia nafasi moja. Mteja akishalipa, kabla hajafika kwenye ule ukurasa wa asante, tunaruhusiwa kumwonyesha ukurasa mmoja katikati. Unaujenga kwa kiendelezi, kijiprogramu cha kupachika. Hicho kiendelezi kina sehemu mbili: ya kwanza inauliza seva yetu kimyakimya kama kuna la maana la kumwambia mteja huyu. Kama lipo, ya pili inachora ukurasa. Maandishi, picha, kitufe, kisanduku cha kujaza. Wanakupa vipande, wewe unapanga."

"Na kilicho cha maana ni nini?"

"Maduka mengi humwambia mteja: ongeza hiki, ongeza kile. Akibonyeza ndiyo, kinaingia kwenye oda ileile, hahitaji kuandika kadi tena." Alijikuna kichwa. "Mimi sikupenda kumsumbua mtu aliyeshalipa. Nikamuuliza mama hapa, watu wa kufuma wanalia nini zaidi?"

"Rangi," mwenye duka alidakia. "Uzi hutiwa rangi kwa mkupuo. Mkupuo wa leo na wa mwezi ujao yote itaandikwa kijani, lakini ukivaa sweta juani, mkono mmoja utaonekana umeazimwa. Ndiyo maana kila lebo ina namba ya mkupuo. Anayemalizia kazi ya zamani anataka namba ileile."

"Basi ukurasa wangu unauliza hilo tu," Vifungo alisema. "'Je, unamalizia kazi iliyobaki nusu? Kama una lebo ya zamani, andika namba yake hapa, tukutafutie donge moja zaidi la mkupuo huohuo.' Chini kuna vitufe viwili. Ndiyo, nitafutieni. Hapana, asante."

"Na wengi hubonyeza kipi?"

"Hapana, asante," alijibu mwenye duka kwa niaba yake. "Wanapita kama upepo. Nilishamwambia akiondoe hicho kisanduku. Ameng'ang'ana nacho kama kupe."

Inspekta alimgeukia Koplo. "Mwizi wako amelipa. Hela zimepita, ameshajua alichotaka kujua. Unaletewa swali kuhusu mkupuo wa rangi. Unabonyeza nini?"

Koplo hakuwa na haja ya kufikiri. "Hapana. Halafu mguu niponye."

"Huyu alibonyeza nini?"

"Ndiyo," Vifungo alisema. "Na akajaza namba. Lakini namba yenyewe, afande, ndiyo iliyoninyima usingizi." Akaifungua. Tarakimu kumi na moja zilijipanga kwenye skrini. "Namba ya mkupuo ina tarakimu nne. Kuna viwanda vinaweka tano. Hakuna duniani penye kumi na moja. Niliacha kisanduku kipokee urefu wowote, kwa sababu lebo za zamani zina mambo, sikutaka kumfungia mtu mlango. Nikadhani nimeharibu mahali, tarakimu zinajirudia. Nimejaribu kila simu niliyo nayo. Hazijirudii."

Binti alikuwa amesimama nyuma yao, mikono kifuani. "Mama hawezi kukosea lebo," alisema. "Anazitunza kwenye kopo. Anajua ya kila sweta kwa kichwa."

"Amewahi kujaza kisanduku hiki kabla?" Inspekta aliuliza.

Vifungo alitafuta. "Ndiyo. Mara kadhaa. Kila mara tarakimu nne, kila mara sahihi."

Inspekta alizisoma tena tarakimu zile kumi na moja.

"Basi tuna mtu anayejua vizuri kinachotakiwa hapo," Inspekta alisema, "na ameandika kisichotakiwa. Mwizi asingejisumbua na kisanduku. Bi Sindano anajua. Namba hii ni yake." Alimtazama binti usoni. "Jana mama yako alikuwa hai."

Mwenye duka alimwahi binti kwa kiti.

"Ila kama yu hai na ana simu," Koplo alisema, "kwa nini asipige?"

"Kwa sababu simu haiko mkononi mwake. Kuna mtu anayeishika, na mtu huyo haogopi uzi. Neno lolote angelishtukia. Namba ya rangi hakuishtukia." Inspekta alisogea mbele. "Sasa ni namba ya nini? Ya simu?"

"Imezidi urefu," Koplo alisema, "na haianzi na sifuri."

"Tena ya simu hata mjinga angeitambua. Akaunti ya benki?"

"Ingetufaa nini?"

"Kweli. Mtu aliyefungiwa akipata nafasi ya kusema kitu kimoja, atasema yuko wapi. Lakini hajui yuko wapi, angekuwa anajua angetafuta namna nyingine. Ana kuta nne tu." Inspekta aliinuka akafunga mlango. "Vifungo, mwanangu, nisaidie. Wewe umefungiwa humu. Dirishani huoni kitu. Kuna mtu amekusimamia. Nisomee kila namba unayoiona."

Vifungo alizungusha macho. "Feni ina moja, mbili, tatu. Kizima moto kina tarehe. Kalenda. Kiberiti..." Akasita. Macho yake yalikuwa yamefika juu ya mlango, penye kisanduku cheupe cha kujazia umeme, na kibandiko chake chini. "Mita," alisema.

Koplo alikuwa ameshapanda kwenye kiti. Alizisoma tarakimu moja moja kwa sauti, Vifungo akizihesabu kwa vidole. Zilikuwa kumi na moja. Na tatu za mwanzo zilikuwa zilezile zilizokuwa kwenye skrini.

"Kampuni moja ya umeme," Inspekta alisema, "mwanzo mmoja." Hakupaza sauti. Lakini Koplo, aliyemzoea, aliona jinsi alivyoikamata simu yake kwa mikono miwili.

Ofisa wa kampuni ya umeme alitaka barua rasmi, akaipata kwa picha ya simu, na baada ya hapo hakupoteza muda. Mita ilikuwa kwenye nyumba ya chumba na stoo, nyuma ya kiwanda cha matofali nje kidogo ya mji. Mwenye jina ni kampuni ya kupangisha. Koplo alitaka kuanza kuitafuta kampuni hiyo.

"Jina litatungoja," Inspekta alisema. "Mama hawezi."

Mlangoni alirudi nyuma akampa Vifungo mkono. "Asante kwa kuhangaika na namba ambayo wengine wangeifuta."

"Mkimpata mtaniambia?"

"Utakuwa wa kwanza."

Nyumba ilikuwa peke yake, bati jipya juu ya ukuta mkuukuu, vumbi jekundu la matofali likiwa limetanda kila mahali. Askari wawili walizunguka nyuma. Binti aliachwa ndani ya gari, ameapishwa asitoke. Koplo aligonga.

"Nani?" Sauti ya mwanamume.

"Tumekuja kwa ajili ya mita, mzee!"

"Mita haina shida. Jana nimejaza umeme."

"Ndiyo hiyohiyo ya jana tunayoitafuta."

Komeo lilisogea. Mlango ukafunguka kiasi cha uso, na Koplo akauwekea bega. Aliyesimama mbele yao, kofia kichwani na barakoa ikining'inia kwenye sikio moja, alikuwa baba mdogo.

Kule kwenye gari mlango ulibamizwa. Kiapo kilikuwa kimevunjwa.

"Mzee," Inspekta alisema, "leo chai hujaipeleka mtoni."

Baba mdogo alitazama nyuma, akaona askari dirishani. Mabega yakamshuka. "Nilitaka saini tu," alisema. "Nyumba ya kaka yangu. Sikumgusa, muulizeni. Nilitaka saini tu."

Inspekta alimpita. Stoo ilikuwa na godoro, ndoo, meza, na juu ya meza karatasi za kuuzia nyumba zikiwa hazijatiwa saini. Mkabala na mita ya umeme, kwenye kigoda, aliketi mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe. Mapajani mwake palikuwa na sweta la kijani. Hakuwa ameacha kufuma. Alimaliza mstari, akazishika sindano pamoja, ndipo akainua macho.

"Nyinyi ni watu wa umeme," aliuliza, "au watu wa uzi?"

"Wa vyote viwili, mama."

"Mungu awabariki wote wawili, basi." Na hapo tu akaziachia sindano mapajani.

Binti aliingia bila kuomba njia. Alipiga magoti, akaweka kichwa kwenye mapaja ya mama yake, juu ya sindano na uzi na kila kitu, na Bi Sindano akawa anamwambia taratibu, utajichoma mwanangu, utajichoma, huku yeye mwenyewe hataki kumwondoa. Inspekta aliwageuzia mgongo akasoma namba ya mita kwa mara nyingine, tarakimu baada ya tarakimu. Ililingana. Kisha akapiga simu kando ya mto, akawaambia wazamiaji watoke majini, wakakaushe nguo, na kwamba anawashukuru.

Mengine Bi Sindano aliyaeleza garini, akiwa amefunikwa koti la Koplo. Shemeji yake alimchukua kwa kumwambia binti ameanguka ghafla. Alimpokonya simu na mkoba. Kila siku alimletea chakula na zile karatasi.

"Nikamwambia, nitatia saini nikimaliza hili sweta, kwa maana nililianza mume wangu akiwa hai na siwezi kuuza nyumba yake kabla sijalimaliza. Uzi haukutosha kweli. Akaona bora aninunulie yaishe. Alikuwa na simu yangu mkononi, ananunua mwenyewe, mimi nimekaa pale. Akalipa. Halafu akasema, 'Shemeji, wanauliza namba ya lebo ya zamani, wakuongezee donge.'"

"Aliandika yeye?" Koplo aliuliza, macho yamemtoka.

"Kwa kidole chake. Mita ilikuwa nyuma ya kichwa chake. Nilijifanya nahesabu mishono, nikamtajia mojamoja. Katikati akaniambia, 'Mbona ndefu hivi?' Nikamwambia, 'Uzi mzuri una namba ndefu.'"

Koplo aligonga usukani kwa kiganja, akacheka hadi gari likayumba.

"Nilikuambia ujikaze," Inspekta alimwambia binti. "Nilikosea."

"Ulikosea, afande," binti alisema, akamshika mkono bila kuuachia. "Asante kwa kukosea."

Daktari alipima presha, akasikitika, akatoa dawa, akaruhusu. Bi Sindano alitakiwa kupelekwa nyumbani akapumzike. Lakini alisema hapana, kuna mahali anataka kupita kwanza, na Inspekta hakuwa na sheria ya kumzuia.

Vifungo alishuka ngazi mbili mbili hadi karakanani, mwenye duka nyuma yake akihema. Wachomeleaji walizima mashine. Msichana alisimama hatua chache kutoka kwa mama yule, ghafla hajui mikono aiweke wapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ni wewe uliyeniuliza kama kazi yangu imebaki nusu?"

"Ni ukurasa tu, mama. Kitufe na kisanduku. Si kitu kikubwa."

"Kaa hapa." Bi Sindano aliketi kwenye benchi la mafundi, akamvuta kando yake. "Mle ndani, siku zote zile, niliulizwa swali moja tu: utatia saini lini? Nikaanza kuzoea. Mtu anaweza kuzoea hata hilo. Halafu yule akashika simu akanisomea kwa sauti, 'Je, unamalizia kazi iliyobaki nusu?' Nilishtuka kama niliyeitwa jina langu. Nikasema, mahali fulani kuna mtu amekaa akaniwazia, hanijui, wala hanidai. Mtu huyo namba yangu hataitupa."

Vifungo alivua miwani. Machozi yalikuwa yameshamtangulia.

"Nilimwambia akiondoe," mwenye duka alisema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake. "Namshukuru Mungu kwa ubishi wake."

Koplo alikuja na kalamu na karatasi za maelezo. Inspekta alimzuia kwa mkono, na wote wawili wakabaki wameegemea gari.

Bi Sindano aliushika mkono wa msichana, akaunyoosha, akaanza kuupima kwa shibiri, kutoka begani hadi kwenye kiwiko, kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

"Unapenda rangi gani?"

"Yoyote, mama. Usijisumbue. Rangi yoyote."

"Hakuna rangi inayoitwa yoyote," alisema Bi Sindano, akirudia kupima bega. "Fikiria vizuri. Nina muda."